Hii kampuni ni ya nani? Uzi kuhusu tenda za serikali

Kila mjadala wa siasa ukifika kwenye tenda, lazima kuwe na mmoja wa kusema: "Mnalalamika nini? Jina la kampuni si liko wazi!" Sawa. Hata hapa Kinanie ukipita kando ya mradi wa serikali utakuta ubao wenye jina la wizara na la mkandarasi. Lakini jina la kampuni si jina la mwenye kampuni, na Kenya iliijua tofauti hiyo kwa gharama kubwa.

Tuanze na Anglo Leasing, maana wengi wa rika langu tumelisikia hilo jina tu. Serikali ilitaka mitambo ya pasipoti mpya. Kampuni ya Ufaransa ilitaja bei ya karibu yuro milioni 6. Kandarasi ikaenda kwa Anglo Leasing, yuro milioni 30 hivi. Anwani? Liverpool, Uingereza. Mambo yalipofichuka mwaka 2004, hakuna aliyejitokeza kusema "kampuni ni yangu." Kilichojitokeza ni pesa: zaidi ya yuro 900,000 zilizokuwa zimeshalipwa zikarudishwa kimya kimya. Kampuni isiyo na mwenyewe inarudisha pesa, jamani! Baadaye Mkaguzi Mkuu alichunguza kandarasi 18 za usalama za namna hiyo, thamani yake zaidi ya shilingi bilioni 50.

Na wala haikuishia hapo. Mwaka 2014 serikali ililipa shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni 2 zilizohusishwa na sakata hiyo. Zilikuwa zimeshinda kesi nje ya nchi, na nchi ilikuwa inajiandaa kukopa kupitia Eurobond, kwa hivyo ikabidi. Miaka 10 baadaye, mwananchi bado analipa.

Sheria zilikuja polepole. Agizo la Rais la Juni 2018 lilitaka taasisi za umma zichapishe tenda, mshindi, bei na hata wakurugenzi wa kampuni. Kisha zikaja kanuni za 2020 kuhusu mmiliki halisi. Huyu lazima awe binadamu, si kampuni nyingine: mwenye angalau asilimia 10 ya hisa au kura, au anayeweza kuteua na kufuta wakurugenzi, au mwenye ushawishi mkubwa juu ya kampuni.

Sasa, wewe na simu yako mnaweza kufanya nini? Tovuti ya tenda za serikali inakupa jina la mshindi. Kwa ada ndogo, Msajili wa Kampuni anakupa CR12: wakurugenzi, wenye hisa, anwani. Linganisha tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya tenda. (Kwenye sakata ya vifaa vya korona ya 2020, umri wa kampuni ndio ulioshtua watu.) Kisha chora mistari. Kampuni 3 "zilizoshindana" zikitumia sanduku moja la posta, hapo una swali la maana.

Nimesema swali. Usikimbilie kumwita mtu mwizi kwa sababu majina yamefanana. Ukiita "Mutuku!" stejini hapa Kinanie, watageuka watu 10. Bila nambari ya kitambulisho, ambayo haifai kuanikwa mtandaoni, jina pekee halithibitishi kitu.

Na kuna mahali ramani yako itagoma. Kanuni za 2020, zilipotungwa, ziliweka rejista ya wamiliki halisi kwa ajili ya mamlaka husika, si mimi na wewe. CR12 inaweza kukuonyesha kwamba mwenye hisa ni kampuni nyingine, nayo imesajiliwa ng'ambo, kwenye nchi isiyotoa majina. Unabaki na anwani ya ofisi ya huko mbali, kama wale wa 2004 walivyobaki na ya Liverpool.