Jioni ya Forodhani: cha kula, namna ya kukinunua na cha kuepuka

Ukimuuliza mtu aliyerudi Unguja alikula wapi, mara nyingi hakutajii hoteli. Atakutajia Forodhani. Ni bustani iliyo kando ya bahari katika Mji Mkongwe, ambako jua likianza kuzama wauzaji hupanga meza, huwasha majiko ya mkaa na taa, na watu huja kula wakiwa wamesimama au wamekaa juu ya ukuta wa bahari. Hili si tamasha la mara moja kwa mwaka. Ni la kila siku, na mwenyeji na mgeni wote wanaingia bila kiingilio.

Kwa msikilizaji wetu wa Miono safari hiyo si ndogo. Unashuka hadi Mandera kwenye lami, unapita Msata, halafu Bagamoyo au Chalinze mpaka Dar es Salaam, kisha boti ya mwendo kasi kwa muda wa saa mbili hivi, na kitambulisho mkononi. Mtu aliyekwisha kulipa nauli zote hizo hana sababu ya kumaliza hela iliyobaki kwa mshikaki wa bei ya mgeni, wala kurudi nyumbani na tumbo la kuendesha. Kwa hiyo makala hii inaeleza mambo mawili, mfuko na tumbo, na katikati yake tutakula kidogo.

Mahali penyewe

Jina linatokana na forodha, kwa kuwa eneo hili la ufukwe lilikuwa la shughuli za bandari na ushuru. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipita hapo hata reli ndogo iliyokwenda Bububu. Bustani ilitengenezwa miaka ya 1930, wakati Waingereza walipoadhimisha miaka 25 ya utawala wa Mfalme George wa Tano. Mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya kukarabatiwa na taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni: njia, taa, ukuta wa bahari na sehemu ya wauza vyakula vyote vilipangwa upya.

Ukisimama na kuipa bahari mgongo, mbele yako kuna Ngome Kongwe, na jirani yake Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo usishangae kulikuta limezungukwa na uzio na vyuma vya ujenzi.

Fika mapema, saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili. Utawakuta vijana wakiruka kutoka ukutani na kujitosa baharini, mmoja baada ya mwingine, watu wakiwashangilia. Mapema kuna faida nyingine pia: unaona chakula kinavyoletwa na kinavyopangwa, na ukishaona hivyo huhitaji kuambiwa meza ipi ni safi. Mwezi wa Ramadhani shughuli huanza baada ya kufuturu, na mchana hakuna kula hadharani, awe Muislamu au asiwe.

Kilicho mezani

Tuanze na urojo, kwa sababu ndicho chakula ambacho mwenyeji hukila kwa raha zaidi na mgeni hukipita bila kukijua. Urojo ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano. Unga wa ngano hukorogwa kwenye maji, hupikwa pamoja na bizari ya manjano, kisha hutiwa ukali kwa ukwaju, embe mbichi au ndimu. Mchuzi huo humwagwa juu ya vipande vya mbatata za kuchemsha (Unguja ukisema viazi wanakuelewa, lakini wenyewe husema mbatata), bajia, kachori, yai na mishkaki midogo. Juu kabisa hunyunyizwa chipsi nyembamba za muhogo, chatne ya nazi na pilipili kadiri unavyotaka. Kijiko cha kwanza kina ukali, cha pili kina utamu wa nazi, cha tatu muhogo unakatika mdomoni. Ni chakula cha bei nafuu kinachoshibisha, na sisi tungemshauri mtu mwenye hela ya mlo mmoja tu aanze hapo.

Cha pili ni kile kinachoitwa pizza ya Zanzibar. Jina linapotosha, kwani haifanani na pizza ya Italia. Donge la unga lililolowekwa mafuta huvutwa kwa viganja mpaka liwe jembamba kama karatasi. Katikati huwekwa kipande kingine cha unga ili pasitoboke. Kisha hutiwa nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, mayonezi na yai, hukunjwa pembe nne kama bahasha na kukaangwa juu ya chuma kipana. Ndugu yake wa karibu ni mkate wa mayai wa Mombasa, na nyuma yao wote wawili kuna mutabbaq wa Arabuni. Ipo pia ya ndizi na chokoleti, ambayo watoto huililia.

Halafu kuna mishkaki: ya ng'ombe, ya kuku, na ya vitu vya bahari kama pweza, ngisi, kamba na vipande vya samaki. Meza hizi ndizo zenye kung'aa kuliko zote, na ndizo zinazohitaji macho zaidi. Tutazirudia. Pembeni kuna muhogo na ndizi za kuchoma, mkate wa ufuta na chai ya viungo.

Usiondoke bila juisi ya miwa. Muuzaji hupitisha muwa kwenye mashine, anaukunja, anaweka ndimu na tangawizi katikati, anaupitisha tena mpaka unatoka mkavu kama kamba. Hakuna maji yanayoongezwa, na hilo ni jambo jema kwa usalama wako. Kinachoweza kuharibu ni barafu, kwa kuwa huwezi kujua imetokana na maji gani. Omba isiyo na barafu.

Chakula chote ni halali, na pombe haiuzwi kwenye meza hizi.

Namna ya kununua

Bei haziandikwi kila mahali, na hapo ndipo mfuko unapovuja. Mtindo ni huu: muuzaji mchangamfu anakupa sahani, anakuelezea kila kitu kilichopo, na kila unapoonyesha kidole anaweka kipande. Hujauliza bei hata ya kimoja. Sahani ikishapita motoni, unatajiwa jumla, na kubishana wakati huo ni vigumu kwa sababu chakula kimekwisha kuwa chako. Anayekosea hapo ni mnunuzi aliyekaa kimya.

Salimia kwanza, tena vizuri, maana Unguja salamu ina uzito wake. Kisha uliza, "Mshikaki huu mmoja bei gani?" kabla hujashika sahani. Ukiuliza kwa Kiswahili na kwa utulivu, bei ya mgeni mara nyingi hushuka yenyewe. Lipa kila meza kwa wakati wake, kwa noti ndogo, wala usikubali kuunganishiwa hesabu ya meza tatu na mtu aliyejitolea kukutembeza. Watu hao huitwa papasi. Wengine ni wakarimu kweli, lakini mwisho wa matembezi huwa wanatarajia kitu.

Kama mko wawili au watatu, nunueni kimoja mgawane, mwende meza ya pili. Ndivyo mtu anavyoonja vitu sita bila kufilisika. Mzee wa kwetu angeona aibu kugawana sahani ya urojo mbele za watu, lakini pale kila mtu anafanya hivyo.

Tumbo

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu mambo haya yanahusu pia muuzaji wa chipsi wa Miono na mama lishe wa stendi ya Chalinze.

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilifunga shule na kupiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji mitaani. Fikiria maana yake kwa mtu anayelisha watoto kwa meza moja ya jioni. Kipindupindu huenea kwa maji na chakula chenye vijidudu kutoka kinyesi cha mgonjwa, na dalili zinaweza kuanza saa chache tu baada ya kula, au hadi siku tano. Muuzaji mmoja asiyenawa mikono anaweza kuwafungia biashara wenzake wote.

Vijidudu vingi vya chakula hupenda joto la vuguvugu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari iko kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi: chini ya hapo hukua polepole, juu ya hapo hushindwa kukua. Jioni ya kaskazi pwani, hewa yenyewe iko katikati ya hatari hiyo. Kwa hiyo chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili bila moto au barafu.

Sasa turudi kwenye meza za samaki. Vipande vingi vinavyopangwa vimekwisha kupikwa, na jiko la mezani linavipasha tu. Hilo si kosa, mradi vilihifadhiwa vizuri na vinapashwa mpaka ndani. Kipande kikichomwa nje na kubaki baridi katikati, kirudishe. Angalia kama kibichi na kilichoiva vimechanganywa kwenye trei moja, na kama koleo lililoshika kibichi ndilo linalokutolea chako. Nusa. Samaki mzuri hunukia bahari. Aliyechoka huchoma pua.

Kuna hatari moja ambayo moto hauiondoi. Samaki kama jodari, nguru na vibua, wakikaa juani bila barafu baada ya kuvuliwa, hutengeneza kemikali iitwayo histamini. Ikishaingia, kupika hakuisaidii. Mlaji huhisi ulimi kuwasha kama pilipili, uso na shingo huwa vyekundu, kichwa huuma na mwili huwasha, pengine ndani ya dakika chache. Wengi hudhani ni mzio au wamerogwa. Ukihisi mdomo unawasha na hujala pilipili, acha kula, na kama pumzi inabana nenda hospitali mara moja.

Urojo na pizza vina faida yake hapa: pizza inapikwa mbele ya macho yako kuanzia unga, na urojo huwa moto sufuriani. Cha kuangalia kwenye urojo ni bakuli na kijiko. Ukiona bakuli zinasuuzwa kwenye ndoo moja ile ile tangu jioni, omba chombo cha kutupa au hamia meza ya pili.

Ikitokea umeanza kuharisha, kunywa maji ya chumvi na sukari yaliyopakiwa ya dukani au zahanati. Yasipopatikana, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu. Kunywa kidogo kidogo baada ya kila choo. Choo kikiwa kama maji ya mchele, usingoje asubuhi.

Kwa asiyeweza kuvuka bahari

Bagamoyo iko karibu zaidi. Soko la samaki la ufukweni lina samaki wa kukaanga, na kwenye tamasha la sanaa la TaSUBa, chuo kilichoanza mwaka 1981, watu hula nje usiku ngoma zikiendelea.

Na kwa anayetaka kuanzisha meza huku kwetu, kumbuka kwamba Forodhani haivutii kwa samaki peke yake. Inavutia kwa kuwa meza nyingi tofauti zimekaa pamoja chini ya taa. Meza tano zenye vitu vitano huleta watu. Meza tano zote za chipsi mayai hunyang'anyana mteja yule yule. Mananasi ya Kiwangwa yako karibu, muhogo upo, kamba wa Saadani wapo msimu ukiruhusu na barafu ikipatikana. Kabla ya kununua jiko, pita kwa mtendaji wa kata uulize utaratibu wa sasa wa kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo (vilipotolewa Desemba 2018 vilikuwa shilingi 20,000 kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka) na wapi utapimwa afya, kwa kuwa anayegusa chakula cha watu anatakiwa kupimwa.

Kwa aliyefika Unguja na anataka kubeba zawadi, mishkaki haifiki Miono salama. Nunua halua. Sukari yake nyingi huifanya idumu siku kadhaa bila friji, na ikifungwa vizuri inavumilia boti, basi na bodaboda ya mwisho kutoka Mandera.