Jamaa za Wavuvi wa Mto Tana katika Historia ya Garissa

Historia ya Garissa na nchi ya kaskazini mashariki ya Kenya imezoea kuandikwa kuwa historia ya ufugaji: ngamia, ng'ombe, visima na malisho. Makala haya yanakusudia kuutazama upande wa mto Tana, ambako jamaa za wavuvi zimerithishana kazi ya hatari isiyopewa nafasi yake vitabuni.

Wenye kazi hiyo ni Wamunyoyaya, waitwao pia Wakorokoro, na Waelwana. Kisha, kuelekea pwani, Wapokomo. Kwa lugha hawa si wamoja. Kielwana na Kipokomo ni lugha za Kibantu, za kundi la Kisabaki pamoja na Kiswahili. Kimunyo ni lahaja ya Kioromo, lugha ya Kikushi. Derek Nurse, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameonyesha jinsi Kielwana kilivyogeuzwa na lugha za majirani wafugaji. Hata hivyo watu hawa wote hushiriki mtumbwi, ndoana na mgono. Basi mwanahistoria afuataye lugha peke yake atapotea. Hana budi kuifuata na kazi.

Kazi yenyewe imebeba mauti. Mamba hujificha kandokando ya ukingo, pale pale panapotegwa mitego. Kiboko huupindua mtumbwi uliokatiza njia yake. Kwa sababu hiyo elimu ya mvuvi haitolewi kwa maneno matupu. Kijana huipata mtumbwini, kwa baba au mjomba, akijifunza kuyasoma maji kabla ya kuyaingia. Wafugaji wa jirani kwa desturi hawakuwa walaji wa samaki; soko la kambare na perege lilikua pamoja na mji na wageni wake.

Mafuriko ya masika na vuli ndiyo yaliyojaza maziwa madogo ya bondeni, wanamozaana samaki. Mabwawa ya umeme ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988) yaliyapunguza mafuriko hayo ya kawaida, na riziki ya mvuvi ikapungua pia. Lakini mafuriko makubwa hayakukoma, kama ilivyodhihirika mwaka 1997 na tena mwaka 2024. Mwezi wa Aprili 2024 barabara kati ya Madogo na Garissa ilifunikwa na maji; abiria wakavuka kwa mashua, moja ikapinduka, na watu wakafa maji. Ujuzi wa kuvusha watu, ambao Wamunyoyaya waliujua tangu zamani, ulionekana kuwa bado una thamani ya uhai.

Ni dhahiri kwamba mtoto asiyerithi mtumbwi hatarithi msamiati wake: majina ya samaki, ya mitego, ya mikondo, na ya dalili za mamba. Kamusi za wafugaji hazitauhifadhi. Inatupasa kuukusanya kutoka vinywani mwa wazee wa mtoni, wangali hai.