Cherehani za Kale na Vipuri Vyake katika Shinyanga na Geita

Katika vyombo vyote vya nyumbani vilivyoingia Usukuma kutoka ng'ambo, hapana kilichodumu kazini kama cherehani ya kukanyaga. Santuri zimenyamaza, redio za valvu zimekuwa maskani ya mende, na majokofu ya mafuta ya taa yaliyopoza maziwa katika nyumba za misioni na za wakubwa wa migodi yamebaki masanduku tu. Lakini katika baraza za maduka ya Shinyanga, Kahama na Geita bado hukutwa cherehani nyeusi, yenye nakshi za dhahabu zilizofifia, ambayo umri wake umempita mshonaji na pengine baba yake pia. Watu husema kwamba sababu ni ugumu wa chuma cha zamani. Jibu hilo ni nusu ya kweli, tena nusu iliyo ndogo. Maana jokofu nalo lilikuwa la chuma.

Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na mwaka 1885 kampuni yake ikafungua kiwanda kikubwa Kilbowie, mjini Clydebank, Uskoti. Huko ndiko zilikotoka nyingi katika cherehani za makoloni ya Kiingereza, na herufi K inayofuata nambari ya aina yake ni alama ya kiwanda hicho. Katika nchi ya Wasukuma zilifuata fedha. Reli ya kutoka Tabora ilipita Shinyanga ikafika Mwanza mwaka 1928, na zao la pamba likawapa wakulima fedha za msimu. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, akagundua almasi ya Mwadui. Na upande wa magharibi mgodi wa dhahabu wa Geita, ulioanza katika miaka ya 1930, ukalipa mishahara mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Duka la Mhindi liliuza kitambaa ndani, na nje barazani alikaa mshonaji, mteja akapimwa papo hapo. Aliyejaliwa kuwa na cherehani yake mwenyewe aliihesabu katika mali pamoja na ng'ombe: iliweza kurithiwa, kuwekwa rehani, au kuuzwa mwaka wa njaa.

Sasa mali ya namna hii huharibika. Mkanda hukatika, meno yanayosukuma nguo huchakaa, chemchemi ya kukazia uzi hulegea, sindano huvunjika. Swali la mwenye cherehani si kama itaharibika, bali kitu cha kurudishia kitapatikana wapi. Na jibu la swali hilo liliamuliwa mbali sana na Shinyanga.

Miongoni mwa cherehani za Singer ilikuwapo aina ya 15, ambayo bobini yake ni duara na hukaa ndani ya kikasha kidogo kinachochomolewa kwa vidole. Vita vilipokwisha mwaka 1945, viwanda vya Japani vilivyotaka kuishi kwa kuuza vitu vya amani viliafikiana juu ya vipimo vya namna moja, vilivyofuata umbo la aina hiyo, hata kipuri cha kiwanda kimoja kikaingia katika cherehani ya kiwanda kingine. India nayo, iliyokuwa ikitengeneza cherehani za Usha mjini Calcutta tangu miaka ya 1930, ilishika umbo lilo hilo. Na Shanghai ikatoa Butterfly, ambayo jina lake halihitaji kuelezwa kwa fundi yeyote wa Tanzania. Mwenye kampuni huenda aliona wizi katika kuigwa huku. Lakini kwa mshonaji wa Kahama ulikuwa ni wokovu. Kiwanda cha Clydebank kilifungwa mwaka 1980, na mtu aliyerithi cherehani yake hakuona tofauti: bobini, kikasha, chemchemi na sindano ziliendelea kuja kutoka Asia, kwa bei ya chini, na zikaingia mahali pake bila ya tupa.

Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya ukoo wa Singer wenyewe. Aina ya 28 hailingani na ile ya 15: uzi wake wa chini hubebwa na kidude kirefu cha chuma chenye umbo la risasi, kiendacho mbele na nyuma. Chuma chake ni kile kile, na hata sindano yake ni ile ile iuzwayo sokoni leo. Bali kibeba-uzi hicho hakikuigwa kwa wingi kama kikasha cha bobini ya duara. Basi cherehani mbili hukaa katika chumba kimoja, zote za Clydebank: moja inashona sare za shule, nyingine imefunikwa gunia kwa kukosa kitu kisichozidi urefu wa kidole.

Mtihani mkubwa ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Biashara ya kuagiza bidhaa ilikuwa imeingia mikononi mwa mashirika ya umma baada ya Azimio la Arusha la 1967. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na bei ya mafuta iliyopanda, vilimaliza fedha za kigeni. Sabuni, sukari na nguo ziliadimika; sindano ya cherehani ingetangulia wapi katika foleni ya mahitaji ya namna hiyo? Watengenezaji walirudi kwenye vitu vya nchi. Shinyanga ni nchi ya ng'ombe, na mkanda wa cherehani asili yake ni ngozi: ukanda uliokatwa vizuri na kupakwa mafuta hufanya kazi. Fito la kanyagio likivunjika, mhunzi huliunga.

Wala uhunzi haukuwa kitu kigeni katika nchi hizi. Warongo wa Geita na Biharamulo waliyeyusha chuma kutoka katika mawe karne nyingi kabla ya mgodi wowote wa kampuni, na majembe ya Uzinza yalikuwa bidhaa katika Usukuma na Unyamwezi. Hata hivyo uhunzi ulikuwa na mpaka wake. Tanuri iliyotoa jembe haikuweza kutoa sindano yenye tundu na mfereji wa kupitisha uzi, na hicho kidogo kuliko vyote ndicho kilichoweza kusimamisha kazi yote. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 ili kusaidia kazi za mafundi. Lakini nalo halikuweza kuyeyusha fedha za kigeni kutoka katika mawe.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila ya kuulizwa walikozipata. Spea zikarudi madukani. Kwa mlango huo huo ukaingia mtumba, na mshonaji aliyepata bobini akapoteza wateja. Waliosalia walishika sare za shule, vitenge, na kazi ya kupunguza suruali za Wazungu ziwaenee wenyeji.

Pengine si vibaya kukumbuka hapa kichekesho cha mwaka 2009. Saudi Arabia ilivuma habari kwamba ndani ya cherehani kuu kuu za Singer mna zebaki nyekundu yenye thamani kubwa, na watu wakazinunua kwa maelfu ya riyali. Wachimbaji wadogo wa Geita, ambao zebaki yao ya kunasia dhahabu ni nyeupe na huwadhuru kweli, wangeweza kuwaambia wanunuzi wale kwamba hamna kitu.

Thamani iliyomo ni nyingine, nayo haijaandikwa popote. Mtengenezaji mzee hujua kwamba kikasha cha Kichina huingia katika kichwa cha Kijapani, lakini chemchemi yake hutaka kulegezwa nusu mzunguko. Hujua cherehani ipi iliyokufa imebaki na meno mazima. Tena huweka vipande hivyo katika makopo ya maziwa, bila ya lebo, kwa kuwa lebo zote zimo kichwani mwake. Afapo, makopo huuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi huyo hupita mitaani na mizani yake, na kichwa cha cherehani ya zamani humpendeza kwa kuwa ni kizito. Hulipa kwa kilo, humwaga kilichomo ndani ya gunia, na kibeba-uzi cha aina ya 28 huenda pamoja na misumari hadi kwenye tanuri la mji mwingine, ilhali Geita yupo mtu aliyeifunika cherehani yake akikingoja.