Bakteria wanaosafisha maji ya madini: historia inayotuhusu sisi wa Katanga

Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, enzi za Union Minière. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na mama anayemwagilia mboga zake kwa maji ya mto bado anajiuliza: yanayotoka kiwandani yana nini ndani? Mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo wao.

Mara nyingi tunaambiwa hiyo ndiyo bei ya madini. Historia inasema vingine.

Mwaka 1895, huko Delft, Uholanzi, mtaalamu Martinus Beijerinck aligundua bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na hewa. Hao wanatumia salfati kama sisi tunavyotumia hewa ya kupumua, kisha wanatoa gesi inayonuka kama yai bovu. Gesi hiyo ikikutana na shaba, zinki, kadmiumu au kobalti ndani ya maji, inashikamana nayo. Madini yanageuka kuwa chembe ngumu na kuzama chini.

Mwaka 1914, Ardern na Lockett wa Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba tope lenye bakteria likipulizwa hewa linasafisha maji machafu ya mji. Lakini fosfati, zinazotoka kwenye vyoo na sabuni na kufanya maziwa yaote majani ya kijani, zilibaki kwa wingi. Jibu lilipatikana barani mwetu. Katika miaka ya 1970, mhandisi James Barnard, kule Pretoria, alipitisha tope kwanza mahali pasipo hewa, halafu penye hewa. Walipofika penye hewa, bakteria walimeza fosfati kupita mahitaji yao. Tope likiondolewa, fosfati zinaondoka nalo.

Kwa upande wa madini, mfano mkubwa ulikuja mwaka 1992. Kiwanda cha zinki cha Budel, Uholanzi, kilikuwa kimechafua maji ya chini ya ardhi. Kilijenga matangi, kikawalisha alkoholi wale bakteria wa Beijerinck, na zinki iliyonaswa ikarudishwa kiwandani kuyeyushwa. Uchafu ukageuka mali.

Tusidanganyane: bakteria hawali madini yakaisha. Wanayakusanya tu. Wanahitaji chakula kila siku, maji yasiyo na asidi kali, na watu wa kuondoa tope na kulihifadhi vizuri. Hayo yanaomba pesa na usimamizi.

Ila ujuzi upo, na umri wake unazidi miaka mia moja. Kwa hiyo, siku mwenye kiwanda atakapotuambia kwamba hakuna njia, tumuulize: Budel walifanyaje?