Namna ya kutafuta faili ya kesi ya jinai katika kaunti za Marekani



Familia nyingi za makanisa yetu zina watoto na ndugu waliopelekwa Marekani kutoka kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali na kwingineko. Mara kwa mara ujumbe unafika kwenye simu: «Kijana wa fulani amefungwa huko Amerika.» Hakuna anayejua kosa ni lipi, lakini kabla ya Jumapili habari imekwisha kuzunguka kanisa lote. Mara nyingine ni mtu mwenyewe anayeuliza. Alikamatwa miaka iliyopita, akaachiliwa, na sasa anaomba uraia na anadaiwa karatasi za tribinali ambazo hana. Wote hao wanahitaji kitu kimoja, yaani faili ya tribinali ya kaunti. Tunaeleza hapa namna ya kuitafuta, na namna ya kuisoma bila kumhukumu ndugu bure.

Kaunti ni nini?

Kwetu Kongo, anayetaka kuonyesha kwamba hajahukumiwa anaomba hati moja, ile ya kazie jidisieri. Marekani haina daftari moja la nchi nzima ambalo raia yeyote anaweza kulifungua na kuona kesi zote. Nchi ina majimbo 50, na majimbo hayo yamegawanywa katika kaunti zaidi ya 3,000. Kaunti ni kama teritware kwetu. Katika jimbo la Louisiana inaitwa parokia, ingawa haihusu kanisa. Kesi nyingi za jinai zinasikilizwa katika tribinali za kaunti au za mji, na faili inatunzwa na karani wa tribinali, yule tunayemwita grefye. Kesi za serikali kuu ya Marekani zina tribinali zake, na faili zake zinatafutwa kwenye ukurasa unaoitwa PACER, ambao unatoza senti 10 kwa kila ukurasa wa karatasi.

1. Ujue mahali jambo lilipotokea

Faili haifuati makao ya mtu, inafuata mahali kosa linaposemekana kutendeka. Ndugu anayekaa Fort Worth yuko katika kaunti ya Tarrant. Kama alikamatwa kwa jambo lililotokea mjini Dallas, faili itafutwe katika kaunti ya Dallas. Wengi wanatafuta katika kaunti ya nyumbani tu, wanakosa jina, kisha wanasema hakuna kesi.

2. Ujue uzito wa kosa

Makosa makubwa na makosa madogo mara nyingi hayako mahali pamoja. Katika Texas, kwa kawaida faili za makosa makubwa ziko kwa karani wa wilaya ya tribinali, na za makosa madogo ziko kwa karani wa kaunti. Makosa ya barabarani na mengine yanayolipiwa faini tu yanaenda kwa muamuzi wa amani au tribinali ya mji. Katika Ohio, makosa makubwa yanahukumiwa na tribinali ya kaunti inayoitwa Common Pleas, na madogo na tribinali ya mji. Basi usipopata jina mahali pamoja, tafuta pia pale pengine.

3. Fungua ukurasa wa tribinali yenyewe

Majimbo ya Iowa, Wisconsin, Missouri, Indiana na Maryland yana ukurasa mmoja wa kutafutia kesi za jimbo, na kutafuta kwa jina ni bure. Katika Ohio kila kaunti ina ukurasa wake. Andika kwenye intaneti jina la kaunti, jina la jimbo, na maneno «clerk of court». Angalia kama anwani inaishia na .gov, ingawa kaunti chache zinatumia anwani nyingine. Jihadhari na kurasa za biashara zinazoahidi kukuonyesha maisha yote ya mtu kwa kadi ya benki, kwa sababu mara nyingi habari zake zimepitwa na wakati au zimechanganya watu wawili.

Mtu aliye Kongo anaweza kujaribu kwa simu yake. Ukurasa ukikataa, amwombe ndugu aliye karibu aende kwenye jengo la tribinali. Majengo mengi yana kompyuta za kutafutia zilizo wazi kwa watu wote. Asiyejua Kiingereza aombe mkalimani bila kuona aibu.

Kama mtu amekamatwa jana au leo, huenda tribinali bado haijafungua faili. Tazama kwanza orodha ya waliofungwa ya sherifu wa kaunti, ambayo mara nyingi inaonyesha shitaka na kiasi cha dhamana. Fanya hivyo kabla ya kutuma franka moja, maana wako matapeli wanaopiga simu na kuomba pesa za dhamana kwa mtu ambaye amelala nyumbani kwake.

4. Andika jina kwa namna zote

Hapa ndipo watu wetu wanapokwama zaidi. Kurasa hizo zinataka jina la ukoo kwanza, na sisi tuna jina, postinomu na jina la ubatizo, ambayo karani wa kambi aliyaandika kwa mpangilio wake. Jaribu kugeuza mpangilio. Jaribu Mwamba na Muamba, Byamungu na Biamungu. Tumia jina lililo kwenye karatasi za uhamiaji, hata kama lina kosa.

Kisha linganisha tarehe ya kuzaliwa, na uwe mwangalifu sana. Wakimbizi wengi waliandikwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku yenyewe haikujulikana. Watu wawili wanaweza kuwa na jina moja na tarehe moja. Hakikisha pia anwani, umri na namba ya kesi kabla ya kusema «ni yeye».

5. Soma mpaka mwisho

Ukurasa wa kwanza unaonyesha shitaka, na shitaka ni neno la polisi au la parke. Tafuta sehemu inayoitwa «disposition», yaani namna kesi ilivyokwisha. Neno «dismissed» linamaanisha kesi imeondolewa. «Not guilty» maana yake hakuonekana na hatia. «Guilty» maana yake ana hatia. Kama sehemu hiyo ni tupu, huenda kesi bado inaendelea. Faili za watoto kwa kawaida zimefungwa kwa watu wa nje, na kesi nyingine zimefichwa au kufutwa kwa amri ya muamuzi. Kwa hiyo kukosa jina hakuthibitishi kwamba hakuna jambo lililotokea.

6. Chukua nakala yenye muhuri

Picha ya simu haitoshi kwa ofisi ya uhamiaji. Anayeomba uraia aombe kwa karani nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri. Kila kaunti ina bei yake, basi aulize kwanza. Kama faili haionekani tena, aombe barua ya karani inayosema kwamba imetafutwa na haikupatikana.

Fomu ya uraia inauliza juu ya kukamatwa hata kama kesi iliondolewa au kufutwa. Usifiche. Uongo kwenye fomu unaweza kuharibu ombi ambalo kosa lenyewe lisingeliharibu. Tena, mtu aliyekiri kosa ili apewe muda wa kuangaliwa anaweza kuhesabiwa kuwa amehukumiwa mbele ya sheria ya uhamiaji, hata kama muamuzi wa kaunti alimwambia mambo yamekwisha. Kwa hiyo asiye raia asikiri lolote kabla ya kuzungumza na avoka. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla iliyotoka Kentucky, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba avoka wa mshitakiwa ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kama kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini.

Neno kwa wachungaji na wazee wa kanisa

Kanisa linaloweka mwalimu wa shule ya Jumapili lina haki ya kuuliza juu ya maisha yake, na watoto wanastahili ulinzi huo. Lakini kaunti moja haitoshi. Ulizeni alikokaa, mtafute huko kote, na mtazame pia daftari la waliohukumiwa kwa makosa ya kingono, ambalo lina ukurasa mmoja wa nchi nzima na ni bure: nsopw.gov. Mkiajiri kampuni ya kufanya uchunguzi wa mtu wa kazi, sheria ya mwaka 1970 inadai apewe taarifa na akubali kwa maandishi. Nasi tunashauri aambiwe hata pale ambapo sheria haidai.

Faili iliyo wazi kwa wote si ruhusa ya kuisambaza katika kundi la waimbaji. Nikodemo aliwakumbusha wakubwa wenzake kwamba mtu asikilizwe kwanza kabla ya kuhukumiwa (Yohana 7:51). Mkipata jina la ndugu katika faili, nendeni kwake kwanza, mmsikilize. Kama ni kweli, kuna mahali pa toba na pa kutembelea gereza. Kama si kweli, mtakuwa mmeokoa jina la mtu, na jina likiharibika hakuna karani wa kaunti anayeweza kulirudisha.