Meli Haijiendeshi

Panda matatu Kona ya Musa mpaka feri ya Likoni, utazame Kilindini. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga hapo kuelekea Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa zaidi ya watu 1,200, mamia wakiwa askari wa Afrika Mashariki.

Askari angalau wana mnara wao Nairobi. Lakini meli haijiendeshi. Kuna waliokesha kwenye injini, waliopika, waliopiga deki. Hao walihesabiwa raia tu. Kwenye meli za Uingereza, mpaka 1941, meli ikizama mshahara wa baharia nao mara nyingi ulizama siku hiyo hiyo. Marekani iliwatambua mabaharia wake kama maveterani 1988, zaidi ya miaka 40 baada ya vita.

Sisi je? Topido haikuuliza nani ana bunduki. Kwa wengi pensheni imeshachelewa, ila jina halijachelewa. Nyumbani kwenu kuna kitabu cha ubaharia cha babu? Usikichome na takataka. Kipige picha, muulize bibi alisafiri na meli gani, kisha tudai majina yao yaandikwe.