Nyekundu ya kisutu: nambari ni ile ile, jicho halikubali

Leo tuweke seva kando tuongee rangi, maanake wiki hii rangi imenitoa jasho.

Nilikuwa naandika programu ndogo ya kuchora kisutu, ile leso ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwa mtu wa kompyuta kisutu ni raha tupu: maumbo madogo yanajirudia, mistari michache ya msimbo unajaza mji wote wa leso. Nyekundu niliitoa kwenye picha ya leso ya nyanyangu hapa Kisauni: 180, 30, 40. Nikamwonyesha. Akaangalia, akasema, "Nyekundu hii haing'ai, mjukuu wangu. Si yenyewe."

Moyoni nikasema ni macho ya uzee. Nambari ni zile zile! Lakini nyeusi nilikuwa bado sijaichora. Nyekundu yangu ilikaa juu ya nyeupe tupu.

Haya basi, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1824 mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa kazi ya kusimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Akakuta malalamiko: nyuzi nyeusi zinaonekana hafifu zikiwekwa karibu na buluu na zambarau. Alipima rangi ile nyeusi, haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa jirani. Rangi mbili zikikaa pamoja, jicho huongeza tofauti yao: karibu na nyeusi rangi huonekana nyangavu zaidi, karibu na nyeupe huonekana nzito. Kitabu chake kilitoka 1839, na wachoraji wakakisoma.

Karne iliyofuata, Mjerumani Josef Albers aliligeuza jambo hilo kuwa kazi ya maisha. Alifundisha Bauhaus hadi shule hiyo ilipofungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi, akahamia Marekani na mkewe Anni, ambaye alikuwa mfumaji nguo. Kuanzia 1950 mpaka alipofariki 1976, Albers alichora mraba ndani ya mraba, zaidi ya mara elfu moja. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna mti. Umbo halibadiliki, rangi tu, na mraba ule ule unasogea mbele au unarudi nyuma kutegemea jirani yake. Nyuma ya picha aliandika rangi alizotumia na kiwanda kilichozitengeneza, kama sisi tunavyoacha maelezo ndani ya msimbo. Mwaka 1963 akatoa kitabu, Interaction of Color, ambacho humtaka msomaji afanye majaribio kwanza, nadharia ije baadaye.

Wengi wakiona sanaa ya miraba husema hata mtoto angechora. Mimi pia nilisema hivyo. Sasa naona kwamba picha ile haiko yote kwenye ubao. Nusu yake inatengenezwa na jicho la anayeangalia. Na elimu hiyo ilianza na malalamiko kuhusu nyuzi.

Jaribu mwenyewe. Chora mraba mkubwa mweusi na mwingine mweupe. Katikati ya kila mmoja weka mraba mdogo wa 180, 30, 40. Utaapa ni nyekundu mbili. Sasa ziba pembezoni kwa karatasi, uone.

Mimi nilirudi nikachora nyeusi. Nyekundu sikuigusa hata tarakimu moja. Nyanya akaangalia tena: "Ehe, hapo sasa."

Wanaochagua leso pale Biashara Street huzikunjua, huzitandaza, huzisogeza mlangoni kwenye mwanga kabla ya kulipa. Nilidhani wanapoteza wakati. Kumbe wanapima kitu ambacho nambari zangu tatu haziwezi kupima. Siku nyingine mtumiaji akiniambia rangi si yenyewe, sitamjibu kwa nambari. Nitaangalia jirani kwanza.